Walowezi Waliopigania Uhuru: Neno "Uhuru" na Vita vya Makoloni ya Amerika, 1763–1783

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri akipewa habari isemayo kwamba wakoloni walipigana na dola kubwa hata wakajipatia uhuru, hapana shaka atasita. Katika Kiswahili mkoloni ndiye anayepigwa vita, na uhuru ndicho kitu kinachodaiwa kutoka kwake. Hata hivyo, habari hiyo ni ya kweli. Kati ya mwaka 1775 na mwaka 1783 watu wa makoloni 13 ya Kiingereza katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini walipigana na Uingereza, dola iliyokuwa na jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote wakati huo, nao wakashinda. Nchi waliyoiunda ndiyo inayoitwa leo Marekani.

Kusita kwa mwanafunzi huyo hakutokani na uvivu wala na uhaba wa msamiati. Lugha yake imehifadhi kumbukumbu ya aina nyingine ya ukoloni, na kumbukumbu hiyo inamlazimu kuuliza swali ambalo msemaji wa Kiingereza anaweza kulipita bila kuliona: ni nani hasa waliopigana, na ni nani waliokuwa huru vita vilipokwisha? Mhadhara huu unaeleza jinsi walowezi hao walivyogombana na mfalme wao, walivyopigana naye na walivyomshinda. Aidha, unalitumia neno la Kiswahili uhuru, pamoja na maana zake mbili, kama kipimo cha ushindi wao.

2. Mkoloni, mlowezi na mtu huru

Asili ya neno koloni ni neno la Kilatini colonia, ambalo nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kulima. Kwa Warumi, colonia ilikuwa makazi ya raia waliopelekwa kukaa na kulima katika ardhi iliyotekwa. Kwa maana hiyo ya kale, mkoloni ni mkulima aliyehamia mbali akiwa bado chini ya himaya ya nchi yake. Kiswahili kililipokea neno hili katika mazingira mengine kabisa. Watu wa Afrika Mashariki walikutana na mkoloni akiwa gavana, bwana shauri, hakimu na mtoza kodi ya kichwa. Kwa hiyo mkoloni akawa mtawala, na ukoloni ukawa mfumo wa kutawaliwa na wageni. Yule aliyekuja kukaa na kulima alipewa jina jingine, mlowezi, kutokana na kitenzi lowea, yaani kukaa ugenini hata pakawa ndipo kwake. Nchini Kenya aliitwa pia setla.

Watu wa makoloni 13 walikuwa walowezi. Makazi yao ya kwanza ya kudumu yalianzishwa Jamestown, Virginia, mwaka 1607, na koloni la mwisho, Georgia, lilianza kukaliwa mwaka 1733. Walikuwa raia wa mfalme wa Uingereza, wakitawaliwa kutoka London. Papo hapo walikuwa wamekalia ardhi ya wenyeji, ambao waliwasukuma ndani zaidi ya bara kila kizazi kilipopita. Walikuwa, kwa hiyo, watawaliwa upande mmoja na watawala upande wa pili. Asiyezingatia hali hiyo ya pande mbili hawezi kuielewa historia inayofuata.

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni uhuru wenyewe. Mzizi wake ni huru, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ya msingi ni mtu asiyekuwa mtumwa. Katika miji ya pwani, ambamo waliishi waungwana na watumwa, kumwacha mtu huru lilikuwa tendo la kisheria na la kidini lililobadilisha hadhi ya mtu mmoja aliyejulikana kwa jina. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, miaka 39 tu baadaye. Wazee waliolisikia neno uhuru katika mikutano ya TANU waliweza bado kuikumbuka maana yake ya kwanza. Maana mpya haikuifuta ile ya zamani, bali ilijengwa juu yake: nchi ilifananishwa na mtumwa anayeachwa huru, na kila aliyekuwamo nchini alitarajiwa kuachwa huru pamoja nayo.

Walowezi wa Amerika waliitumia sitiari hiyohiyo. Katika vijitabu vyao na magazeti yao walirudia kusema kwamba mtu anayetozwa kodi bila ridhaa yake ni mtumwa. Tofauti ni kwamba waliosema hivyo walizungukwa na watumwa halisi. Vita vilipokaribia, makoloni yalikuwa na watu takriban milioni 2.5, na karibu mmoja katika kila watano alikuwa mtu mwenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Sitiari ilikaa nyumba moja na jambo lenyewe.

3. Ugomvi wa kodi na uwakilishi

Chanzo cha ugomvi ni ushindi. Katika Vita vya Miaka Saba, vilivyokwisha mwaka 1763, Uingereza iliishinda Ufaransa na kuichukua Kanada pamoja na nchi zote zilizo mashariki ya mto Mississippi. Ushindi huo ulikuwa na gharama. Deni la serikali ya Uingereza lilikaribia kuongezeka maradufu, na majeshi ya kulinda nchi zilizotekwa yalihitaji kulipwa. Bunge la London liliona ni haki walowezi wachangie gharama za ulinzi wao. Mwaka huohuo mfalme alipiga marufuku walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia, ili kuepusha vita na wenyeji. Walowezi wengi, wakiwamo matajiri waliokwisha kuinunua ardhi hiyo kwa matumaini ya kuiuza, waliiona marufuku hiyo kuwa dhuluma. Tangu mwanzo, basi, madai ya haki za walowezi yalikwenda sambamba na tamaa ya ardhi ya watu wengine.

Sheria ya Stempu ya mwaka 1765 ndiyo iliyowasha moto. Kwa sheria hiyo, magazeti, hati za mahakama, mikataba, kalenda na hata karata za kuchezea zilipaswa kulipiwa ushuru wa stempu. Kwa kiasi chake kodi hiyo haikuwa kubwa sana, lakini iliwagusa wanasheria, wachapishaji na wafanyabiashara, yaani watu wenye kalamu na mitambo ya kuchapa. Hoja yao ilikuwa fupi: kwa desturi ya Waingereza, mtu hatozwi kodi isipokuwa kwa ridhaa ya wawakilishi aliowachagua, na makoloni hayakuwa na mbunge hata mmoja London. Wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York mwezi Oktoba 1765 kutoa malalamiko ya pamoja, wafanyabiashara wakasusia bidhaa za Uingereza, na makundi ya mitaani yakawatisha mawakala wa stempu hata wakajiuzulu. Bunge liliifuta sheria hiyo mwaka 1766, lakini siku hiyohiyo likatangaza kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Kwa maneno mengine, lilirudisha fedha likabakiza kanuni.

Mwaka 1767 ukaja ushuru mpya juu ya kioo, risasi, rangi, karatasi na chai. Askari walipelekwa Boston, na tarehe 5 Machi 1770 waliufyatulia risasi umati wa watu na kuwaua watano. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Amerika. Ushuru mwingi uliondolewa, ule wa chai ukabaki. Ilipotungwa sheria ya mwaka 1773 ya kuisaidia Kampuni ya India ya Mashariki kuuza chai yake Amerika kwa bei nafuu, walowezi waliona kwamba urahisi huo ni mtego wa kuwafanya waikubali kodi. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda meli tatu bandarini na kuyatosa baharini makasha 342 ya chai. Wengi wao walijivika kama wenyeji wa Amerika. Jambo la kutia fikira ni kwamba waliokuwa wakiwafukuza wenyeji walichagua sura ya wenyeji hao walipotaka kuonyesha kwamba wao si watu wa London.

London ilijibu kwa ukali mwaka 1774. Bandari ya Boston ilifungwa mpaka chai ilipwe, na katiba ya koloni la Massachusetts ikapunguzwa nguvu. Adhabu ya mmoja iliwaunganisha wengi. Mwezi Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia katika Kongamano la kwanza la Bara, wakakubaliana kuacha biashara na Uingereza. Kamati za wenyeji wa kila mji zilisimamia mgomo huo, na kwa njia hiyo walowezi walijikuta wakiwa na serikali nyingine pembeni mwa serikali ya mfalme hata kabla ya kutamka kwamba wanaitaka.

4. Kutoka malalamiko hadi tangazo

Vita vilianza tarehe 19 Aprili 1775, askari wa mfalme walipotoka Boston kwenda kukamata silaha zilizofichwa Concord, wakapambana na wanamgambo huko Lexington na njiani. Hata baada ya hapo wengi wa walowezi hawakutaka kujitenga. Mwezi Juni Kongamano lilimteua George Washington wa Virginia awe jemadari wa jeshi lake. Mwezi Julai lilimwandikia mfalme barua ya kumsihi apatanishe. Mfalme George wa Tatu hakuipokea. Mwezi Agosti aliyatangaza makoloni kuwa yameasi.

Kilichogeuza mawazo ya watu wa kawaida kilikuwa kijitabu. Mwezi Januari 1776 Thomas Paine, Mwingereza aliyehamia Philadelphia mwishoni mwa mwaka 1774, alichapisha kijitabu cha kudai kujitenga. Kwa mwanaisimu kijitabu hicho kina mvuto wa pekee. Waandishi waliotangulia waliandika kwa lugha ya mahakama, wakinukuu waandishi wa Kilatini na sheria za kale. Paine aliandika kwa lugha ambayo fundi wa viatu angeisikia ikisomwa kwa sauti katika kilabu cha pombe na kuielewa yote. Aliacha kuzungumzia kodi ya aina hii na ile, akauliza kwa nini bara zima litawaliwe na kisiwa, na kwa nini mtu azaliwe akiwa mfalme. Ugomvi uliokuwa wa kisheria ukawa ugomvi juu ya nani ana haki ya kutawala.

Tarehe 2 Julai 1776 Kongamano lilipiga kura ya kujitenga, na tarehe 4 Julai likapitisha Tangazo la Uhuru. Mwandishi mkuu wa rasimu alikuwa Thomas Jefferson wa Virginia, mwenye umri wa miaka 33. Tangazo linasema kwamba watu wote wameumbwa sawa, kwamba wana haki zisizoweza kuondolewa, na kwamba serikali hupata mamlaka yake kutoka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Kisha linaorodhesha makosa ya mfalme, moja baada ya jingine, kama hati ya mashtaka.

Historia ya matini hiyo ni somo lenyewe. Katika rasimu yake Jefferson alikuwa ameandika aya kali ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Kongamano liliifuta, kwa kuwaridhisha wajumbe wa kusini pamoja na wale wa kaskazini ambao wafanyabiashara wao walishiriki katika biashara hiyo. Jefferson mwenyewe, katika maisha yake yote, alimiliki zaidi ya watumwa 600. Yaliyobakia katika matini ni lawama kwamba mfalme amechochea maasi ya ndani, yaani amewaita watumwa wawaasi mabwana wao, na kwamba amewaleta wenyeji juu ya walowezi, wenyeji ambao Tangazo linawataja kama washenzi wasio na huruma. Waliokuwa wakidai kwamba watu wote ni sawa waliwataja watu wa aina hizo mbili katika orodha ya malalamiko tu.

5. Vita na sababu za ushindi

Walowezi walishindaje? Katika mapambano mengi hawakushinda. Mwaka 1776 Washington alifukuzwa New York na jeshi lake likakaribia kutoweka. Ushindi mdogo wa Trenton, tarehe 26 Desemba, ndio uliolirudishia pumzi. Mwezi Septemba 1777 Waingereza waliuteka mji wa Philadelphia, makao ya Kongamano. Katika vita vya nchi za Ulaya, kutekwa kwa mji mkuu mara nyingi kulikuwa ndio mwisho. Amerika haikuwa na mji mmoja ulioshika uhai wake wote. Watu wengi waliishi mashambani, Kongamano lilihamia mji mwingine, na jeshi la mfalme lilitawala pale tu lilipokuwa limesimama.

Umbali ulikuwa silaha ya pili. Amri kutoka London zilivuka bahari kwa wiki nyingi, na zilipofika mara nyingi mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Chakula, farasi na baruti vilipaswa kusafirishwa kwa meli za matanga. Uingereza ilikodi askari takriban 30,000 wa Kijerumani, na jambo hilo likawachukiza hata walowezi waliokuwa wakisitasita.

Silaha ya tatu ilikuwa uvumilivu. Washington alitambua kwamba hahitaji kulivunja jeshi la mfalme. Alihitaji jeshi lake lisivunjike. Mwaka 1777 aliamuru askari wake wachanjwe ndui, maradhi yaliyokuwa yakiua kuliko risasi. Majira ya baridi ya mwaka 1777 na 1778, huko Valley Forge, jeshi hilo lilikumbwa na njaa, baridi na maradhi, lakini lilipotoka lilikuwa limefunzwa na limeshikamana zaidi.

Juu ya yote hayo kulikuwa na msaada wa nje. Tarehe 17 Oktoba 1777 Jenerali Burgoyne alisalimu amri pamoja na jeshi lake zima huko Saratoga. Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Ufaransa, ambayo ilikuwa imekwisha kuanza kupeleka silaha kwa siri, iliona wakati wa kulipiza kisasi cha 1763 umewadia, ikatia saini mkataba wa urafiki na walowezi tarehe 6 Februari 1778. Hispania iliingia vitani mwaka 1779, na Uholanzi ikajikuta vitani na Uingereza mwishoni mwa mwaka 1780. Uasi wa makoloni ukawa vita vya dunia, na Uingereza ikalazimika kugawa meli zake kutoka Karibi hadi Bara Hindi. Mwezi Septemba 1781 manowari za Ufaransa ziliwazuia Waingereza kuingia ghuba ya Chesapeake, na Jenerali Cornwallis akazingirwa Yorktown na majeshi ya Washington na ya Wafaransa. Alisalimu amri tarehe 19 Oktoba 1781. Mapema mwaka 1782 Bunge la London lilikataa kuendeleza mashambulizi Amerika, waziri mkuu akajiuzulu, na tarehe 3 Septemba 1783, katika mkataba uliotiwa saini Paris, Uingereza iliitambua nchi mpya ambayo mpaka wake ulifika mto Mississippi. Wenyeji walioishi katika nchi hizo za magharibi hawakuitwa kwenye mazungumzo wala kutajwa katika mkataba. Ufaransa nayo iliambulia madeni, ambayo yaliidhoofisha serikali yake hata mapinduzi yakaikuta mwaka 1789.

6. Waliokuwa wakitafuta uhuru wa kwanza

Wakati walowezi wakiupigania uhuru wa nchi, watumwa wao waliutafuta uhuru wa aina ya kwanza, ule wa mtu. Kwao swali halikuwa ni nani mwenye haki kati ya mfalme na Kongamano, bali ni nani atakayemwacha mtu huru. Tarehe 7 Novemba 1775 Dunmore, gavana wa mfalme huko Virginia, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi yeyote atakayekuja kupigana upande wa mfalme atakuwa huru. Hakufanya hivyo kwa kuuchukia utumwa, maana watumwa wa watu watiifu kwa mfalme hawakuguswa na tangazo lake. Hata hivyo, mamia walimkimbilia mara moja, na katika miaka iliyofuata maelfu walitorokea kwenye kambi za Waingereza. Wengi walikufa kwa ndui. Wengine walipigana upande wa walowezi, hasa katika makoloni ya kaskazini. Rhode Island iliunda kikosi mwaka 1778 kwa kuwaahidi watumwa uhuru wao.

Wapo waliotumia maneno ya walowezi wenyewe. Mwezi Januari 1777 Waafrika wa Massachusetts, akiwamo Prince Hall, waliliandikia baraza la kutunga sheria wakieleza kwamba haki inayodaiwa dhidi ya mfalme ndiyo haki wanayoidai wao. Mwaka 1781, katika jimbo hilohilo, mwanamke mtumwa aliyejulikana kwa jina la Bett alimshtaki bwana wake mahakamani kwa hoja kwamba katiba mpya ya jimbo imesema watu wote huzaliwa huru na sawa. Alishinda, na akajichukulia jina la Elizabeth Freeman. Freeman maana yake ni mtu huru. Alilichagua neno lilelile ambalo msemaji wa Kiswahili angelichagua.

Vita vilipokwisha, Waingereza waliondoka New York mwaka 1783 pamoja na takriban watu weusi 3,000 ambao majina yao yaliandikwa katika daftari moja. Walipelekwa Nova Scotia, ambako walipewa ardhi haba na mbovu. Mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walivuka tena bahari kwenda Sierra Leone na kuuanzisha mji wa Freetown, jina ambalo nalo limebeba neno huru. Miongoni mwao alikuwa Harry Washington, aliyekuwa mtumwa wa George Washington katika shamba la Mount Vernon na kutoroka mwaka 1776. Mwaka 1800 walowezi hao weusi waliiasi kampuni ya Kiingereza iliyowatawala, na moja ya malalamiko yao makuu lilikuwa kodi ya ardhi. Harry Washington alikamatwa, akahukumiwa na kufukuzwa mjini. Bwana wake wa zamani aliasi kwa hoja za namna hiyohiyo, naye akawa rais wa kwanza wa Marekani.

Ndani ya nchi mpya, majimbo ya kaskazini yalianza kuufuta utumwa: Vermont katika katiba yake ya mwaka 1777, na Pennsylvania hatua kwa hatua kuanzia mwaka 1780. Kusini mambo yalikwenda kinyume. Katiba ya nchi iliyoandikwa mwaka 1787 iliwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu huru watatu ili kuongeza wabunge wa mabwana wao. Utumwa haukufutwa nchini kote mpaka mwaka 1865, baada ya vita vingine vilivyoua mamia ya maelfu ya watu. Kati ya uhuru wa nchi na uhuru wa mtu ilipita miaka 89, ikihesabiwa tangu Tangazo.

7. Kitambaa na matini

Matokeo ya historia hiyo yalifika pwani ya Waswahili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa biashara. Wakiwa wametoka chini ya sheria za biashara za Uingereza, mabaharia wa Marekani walikuwa na ruhusa ya kwenda watakako katika Bahari ya Hindi. Meli za Salem, Massachusetts, zilianza kufika Unguja, na tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo alianza kazi Unguja mwaka 1837. Bidhaa yao kubwa ilikuwa kitambaa cha pamba ambacho Waswahili walikiita merikani. Kitambaa hicho kilifumwa kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, kisha kikapakiwa na misafara ya pwani kwenda bara, ambako kilitumika kununulia pembe za ndovu na, mara nyingine, binadamu. Neno moja la dukani lilibeba uhuru wa nchi na utumwa wa mtu katika jora moja.

Njia ya pili ilikuwa matini ya 1776, ambayo ilizunguka dunia na kusomwa na watu wa namna mbili tofauti. Tarehe 2 Septemba 1945, mjini Hanoi, Ho Chi Minh alitangaza uhuru wa Vietnam kutoka kwa Wafaransa, naye alianza kwa maneno ya Tangazo la Marekani juu ya usawa wa watu. Huyu alikuwa mtawaliwa akilitumia Tangazo dhidi ya mtawala. Walowezi nao walikuwa na usomaji wao. Nchini Kenya, kabla ya Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, walowezi walipanga njama ya kumteka gavana endapo London ingewapa Wahindi haki sawa na zao. Na tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini, waliokuwa takriban 220,000 kati ya watu zaidi ya milioni nne, ilijitangazia uhuru kwa hati iliyoiga muundo wa Tangazo la 1776. Hati hiyo haikuwa na sentensi juu ya kuumbwa sawa, wala ile juu ya ridhaa ya wanaotawaliwa.

Tanzania iliijibu hati hiyo kwa vitendo. Mwezi Desemba 1965 ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kwake kuwazuia walowezi hao. Nchi iliyokuwa imepata uhuru wake miaka minne tu kabla haikukubali kwamba kujitenga na dola, peke yake, kunatosha kuitwa uhuru. Uhuru wa nchi hiyo, kwa maana iliyokubaliwa na Waafrika wake, ulikuja tarehe 18 Aprili 1980, ilipozaliwa Zimbabwe.

8. Hitimisho

Ushindi wa walowezi wa Amerika ulikuwa wa kweli na ulikuwa mkubwa. Walionyesha kwamba dola yenye nguvu inaweza kushindwa na watu waliojipanga, wenye subira, nchi pana na marafiki wa nje. Nao waliandika kanuni ambayo wanyonge wa mabara yote wameitumia tangu hapo. Si haki kuupuuza ushindi huo kwa sababu ya yaliyokosekana ndani yake. Lakini si haki pia kuutafsiri kana kwamba yaliyokosekana hayakuwapo.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri na ya mwanaisimu inapoanza. Anayeandika kwamba wakoloni wa Amerika walipata uhuru ametumia maneno mawili ya Kiswahili, na yote mawili yanamdai maelezo. Walowezi ni neno sahihi zaidi, kwa kuwa linamkumbusha msomaji juu ya wenye ardhi. Uhuru ni neno linalofaa, ilimradi mwandishi aikumbuke maana yake ya kwanza na kueleza ni nani aliyeachwa huru mwaka 1783, ni nani aliyengoja hadi 1865, na ni nani aliyelazimika kutafuta uhuru wake Freetown. Wahenga walisema mwungwana ni kitendo. Kwao mwungwana alikuwa mtu huru, na walijua kwamba jina hilo halimtoshi mtu mpaka matendo yake kwa wenziwe yalithibitishe.